Chawa wa kichwani shuleni: kabla hujamnyoa mtoto au kumpaka mafuta ya taa, pita hapa (wazazi wa Mbeya na majirani)

Baba Wawili (mleta uzi)

Wakuu, habari za baridi.

Grupu la wazazi la darasa la binti yangu limewaka moto kuliko hata siku tulipotangaziwa nyongeza ya ada. Chanzo ni ujumbe wa sauti wa mama mmoja, usiku watu wakijiandaa kulala. Anasema mwanawe kakutwa na chawa kichwani na "kuna mtoto amewaleta". Jina hakutaja, ila alieleza nyumba, kituo cha gari na aina ya sweta, kwa hiyo alichobakiza ni kubandika picha tu. Mpaka watu wanalala, mzazi mmoja alikuwa anataka shule ifungwe ipuliziwe dawa, mwingine anauliza kama ile dawa ya kuogeshea ng'ombe inafaa "kidogo tu, kwa kuchanganya na maji mengi". Akatokea baba mmoja na jibu fupi: "Nimenyoa wote. Mjadala umefungwa."

Kwa wasioelewa mazingira: shule nyingi za serikali huku watoto wananyolewa, wa kike kwa wa kiume, chawa anakosa pa kushika. Yetu ni ya mchepuo wa Kiingereza, wasichana wanaruhusiwa kusuka, ndiyo maana moto umewakia huku. Mimi nina wawili. Binti yuko darasa la 3, anasuka. Mdogo wake wa kiume yuko awali, kipara muda wote. Mama yao yuko Tunduma kibiashara, hivyo ukaguzi ukaniangukia mimi, mtu ambaye ujuzi wangu wa nywele unaishia kwa kinyozi.

Nikampigia shemeji yangu, ni muuguzi. Akanikataza kununua dawa yoyote kabla sijamwona chawa. Kuwashwa hakutoshi, vidoa vyeupe havitoshi. Anatakiwa aonekane chawa mwenyewe, mzima, anatembea.

Basi Jumamosi nikamkalisha binti dirishani, jua la saa 4 linaingia vizuri, nikafumua twende kilioni zote maana kwenye mistari iliyobana huoni kitu. Nikalowesha nywele, nikapaka kondishena bila ubahili mpaka zikateleza, nikazigawa mafungu kwa vibanio. Halafu kitana, kile cha meno yaliyobanana, unakigusisha kwenye ngozi kabisa na kukivuta mpaka nchani, kila mvuto unakifuta kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Fungu la kwanza povu tupu. La pili povu tupu. Binti kaanza kuuliza tunamaliza saa ngapi. Nyuma ya sikio la kushoto ndipo karatasi ikatoka na mdudu wa kijivu, mkubwa kama punje ya ufuta, miguu 6 inatapatapa kwenye povu. Yeye akacheka akataka kumwangalia vizuri. Mimi nikaanza kuwashwa mwili mzima.

Sasa niliyoyapata kwa shemeji na kwa kusoma, na ambayo grupu halikutaka kuyasikia.

Chawa wa kichwani haruki na wala hana mbawa. Anatambaa tu, kwa hiyo njia yake kubwa ni kichwa kugusana na kichwa. Nikajiuliza watoto wetu wanagusana vichwa wapi, jibu likaja lenyewe: gari la shule. Linaanza kuzoa watoto saa 11 na nusu alfajiri, giza, baridi ya Julai mnaijua wenyewe, linatoka Uyole linapita Ilomba na Mafiati, na humo ndani wote wamelala wameegemeana. Dawati halina kosa. Chawa akishatoka kichwani hamalizi siku 2, anakufa kwa kukosa damu. Ukipulizia darasa sumu unawavutisha watoto sumu, chawa wenyewe wako vichwani wanaendelea na maisha.

Pili, hilo la "nani kawaleta" halina jibu. Muwasho unatokana na mzio wa mate ya chawa, na kwa mtoto anayepata mara ya kwanza unaweza kuchukua wiki 4 mpaka 6 kuanza. Siku unayomwona anajikuna, huenda kakaa nao mwezi mzima, kalala kwenye bega la nusu ya gari. Nenda kamtafute wa kwanza.

Tatu, chawa wa kichwani haangalii usafi. Kichwa kilichooshwa jana na kisichooshwa mwezi vyote kwake ni nyumba. Na huyu wa kichwani hajulikani kwa kueneza ugonjwa. Anakera, anakosesha usingizi, mtoto akijikuna sana anapata vidonda, basi.

Dawa niliyopewa famasi ni losheni ya permethrin ya 1%. Nilisisitiza hiyo 1% kwa sababu ipo ya krimu ya 5% ambayo ni ya upele wa mwilini, na ukienda kichwa kichwa unauziwa yoyote. Unaosha nywele kwa shampuu ya kawaida, na kama ulipaka kondishena unahakikisha imetoka yote maana inaizuia dawa kushika. Unakausha kwa taulo, unapaka dawa, dakika 10, unasuuza. Halafu unarudia siku ya 9. Hapo kwenye kurudia ndipo wengi wanapofeli. Jike anataga mayai kama 6 mpaka 8 kwa siku na kuyagandisha kwenye unywele karibu na ngozi, na dawa hii haiui mayai yote. Yaliyobaki yanaanguliwa ndani ya siku 7 mpaka 10. Dozi ya pili inawakuta hao watoto kabla hawajaanza kutaga.

Sasa kilichonifanya nilete uzi ni hiki. Nilipomaliza na binti nikamvuta na wa kiume, kwa kutimiza wajibu tu, maana kipara hakina chawa. Kisogoni nikakuta duara limepauka, lina magamba, na vinywele vimekatikia juu ya ngozi kama vimeungua. Mapunye. Nikakumbuka siku ya kikao cha wazazi niliwaona watoto wengi tu wa kiume wana maduara kama yale. Hakuna aliyetuma ujumbe wa sauti. Hakuna aliyetaka shule ifungwe. Na wale waliokimbia usiku kunyoa "wote" wamepita chini ya mashine ileile ambayo haijaoshwa. Tunakimbia mdudu anayetibika kwa losheni, tunaingia kwenye fangasi inayotaka vidonge wiki kadhaa.

Matabibu, walimu na watu wa saluni, karibuni. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Mtoto wa Soweto

Nimefungua mbio nikadhani ni wale chawa wanaovaa suti. Endeleeni wakuu.

Mama Gangilonga

Kamwene wote. Huku Iringa tulipata hilo muhula uliopita, na shule ilifanya kitu kimoja tu: mtoto mwenye mayai harudi mpaka mayai yaishe kabisa. Mleta uzi umeandika vizuri ila naona unalichukulia kiepesi. Mtoto wangu ana nywele ndefu, nimezitunza tangu akiwa mdogo, sitaki akae na mtoto ambaye bado ana mayai kichwani. Ni haki yangu kama mzazi.

Tabibu wa Njombe

Mama Gangilonga, heshima yako. Naomba nikueleze kwa nini sheria ya "mpaka mayai yaishe" inaumiza bila kusaidia.

Yai limegandishwa kwenye unywele kwa gundi. Halihami kwenda kichwa kingine. Hata ganda tupu, ambalo mdudu alishatoka zamani, linabaki palepale na linapanda juu jinsi nywele zinavyokua, kama sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo ukikuta kidoa cheupe mbali na ngozi, zaidi ya sentimita 1, mara nyingi ni ganda la zamani. Mtoto katibiwa, kapona, lakini mwalimu anamrudisha nyumbani kwa sababu ya maganda. Anakosa masomo wiki 2 kwa kosa la kuwa na nywele. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2022 kilisema wazi kwamba sheria hizo ziachwe na mtoto asitolewe darasani kwa sababu ya chawa. Uingereza nako mwongozo ni huohuo: anaendelea na shule, anatibiwa nyumbani.

Mama Gangilonga

Tabibu nimekusoma. Lakini hao Wamarekani watoto wao hawalali watatu kitanda kimoja kama hosteli zetu huku.

Tabibu wa Njombe

Hapo umenipata, na sibishi. Kulala kitanda kimoja kunabadilisha hesabu. Ndiyo maana kwenye bweni, au nyumba ambayo watoto wanalala pamoja, unakagua wote siku moja na unatibu wote wenye chawa hai siku hiyohiyo, pamoja na dada wa kazi na bibi kama wanalala nao. Ukitibu mmoja leo na mwingine Ijumaa, wanarudishiana. Ila kumfukuza mmoja bado hakusaidii, maana wenzake watano ambao hawajaanza kuwashwa umewaacha bwenini.

Na nirudi kwa yule mzazi wa dawa ya ng'ombe, maana sikuona kama kuna mtu kamjibu kwa ukali unaostahili. Huku nyanda za juu kila nyumba ina dawa: ya kupulizia nyanya na viazi, ya kuhifadhia mahindi, ya kuogeshea mifugo. Hakuna hata moja ya kuweka kichwani kwa mtoto. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, na mtoto aliyejikuna ana michubuko, sumu inapenya moja kwa moja. Zile za kundi la organofosfeti mtoto anaanza kutoa mate na jasho jingi, anatapika, mboni za macho zinakuwa ndogo sana, pumzi inabana. Ukiona hivyo mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni huku usafiri unatafutwa, na ubebe chupa ya dawa uje nayo hospitali. Usisubiri asubuhi.

Mafuta ya taa nayo yanababua ngozi na mvuke wake unaumiza mapafu. Na msimu huu jiko la mkaa linaletwa mpaka sebuleni. Kichwa kilicholowa mafuta ya taa karibu na jiko, sihitaji kumalizia.

Kijana wa Mafinga

Tabibu umenigusa. Tulipokuwa bweni kuna mwenzetu alipakwa mafuta ya taa na kufungwa mfuko wa nailoni kichwani usiku kucha, kwa ushauri wa wakubwa tu. Asubuhi paji la uso na masikio vilikuwa vimevimba, ngozi inatoka. Chawa walikufa, sikatai. Ila alikaa na kofia mpaka mwisho wa muhula na jina walilompa sitaliandika hapa.

Bibi wa Makete

Wajukuu zangu, mnashangaa chawa? Sisi huku Makete baridi ya zamani, blanketi moja watu wanne, chawa tulikuwa tunawajua kwa majina. Hatukuwa na losheni. Nguo zinachemshwa kwenye pipa, zikikauka unapitisha pasi ya mkaa kwenye mishono, unawasikia wanalia ta! ta! Wakaisha. Mnachemsha nini nyie siku hizi?

Tabibu wa Njombe

Shikamoo bibi. Wale wako wa kwenye mishono ni chawa wa nguo, wanaishi kwenye nguo na kupanda mwilini kula tu, na dawa yao ndiyo hiyo uliyoitumia: kuchemsha na pasi. Hawa wa kichwani wanaishi na kutaga kwenye nywele, ukichemsha sweta zote za nyumba bado umewaacha kichwani.

Na kwa faida ya wengine, wale wa bibi ndio wa kuogopa kweli. Wanaeneza homa ya taifasi, ambayo watu huichanganya na taifodi wakati ni vitu viwili tofauti kabisa. Aliyethibitisha hilo ni daktari Mfaransa, Charles Nicolle, akiwa Tunis mwaka 1909, akaja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1928. Inasemwa aliona wagonjwa wa taifasi wakishavuliwa nguo na kuogeshwa mlangoni mwa hospitali hawawaambukizi tena wa wodini, akaelewa kwamba anayebeba ugonjwa kaachwa kwenye nguo. Nafikiri hofu kubwa tuliyonayo kwa chawa yeyote imetoka kwa huyo wa nguo, na wa kichwani kaibebeshwa.

Bibi wa Makete

Marahaba. Kumbe tulikuwa tunajitibu bila kujua. Sawa baba.

Mwalimu wa Mwakibete

Wazazi naomba na sisi mtusikilize. Mimi nafundisha, siyo shule ya mleta uzi. Mzazi akituma ujumbe usiku, asubuhi mkuu wa shule anatuambia "kagueni". Hatupewi kitana, hatupewi glovu, hatupewi mafunzo. Unasimama mbele ya mstari na kalamu unafunua nywele za watoto mmoja mmoja. Ukisema fulani ana chawa, mama yake anakuja juu. Ukisema hana, mama wa mwenzake anakuja juu. Na nakiri wapo wenzetu wanaokagua mbele ya darasa zima, mtoto anabadilishiwa dawati hadharani. Hiyo haifai, nimeshaisema kwenye vikao.

Ila na nyie wazazi: mba mnaijua? Nusu ya "mayai" tunayoletewa ni mba au mabaki ya jeli ya kusukia.

Baba Wawili (mleta uzi)

Mwalimu umenena. Shemeji alinifundisha kipimo rahisi sana: pulizia au kung'uta. Mba inapukutika, jeli ikilowa inayeyuka. Yai la chawa halitoki, unalibana kwa kucha mbili na kulivuta na unywele wake mpaka mwisho, limegoma. Na liko upande mmoja wa unywele, si kama gamba lililozungushia.

Dada Mashine Mwanjelwa

Ugonile wote. Mimi nasuka hapa Mwanjelwa. Sisi tukimkuta mteja na chawa tuna mtihani. Ukimwambia mbele za watu anakimbia na kesho kutwa anakuchafulia jina. Mimi huwa naongea na mama wa mtoto pembeni, namwambia mama, leo hatusuki, nenda katibu, ukirudi nakusukia kwa bei ileile na foleni hutakaa. Wengi wanarudi.

Vitu vyangu, chanuo, vitana, vibanio na ile sindano ya kushonea, naviloweka kwenye maji ya moto, yale ya kuunguza mkono, kama dakika 10. Rasta zilizofumuliwa hazirudi kichwani kwa mtu, hata kama mteja ananisihi kwamba ni mpya. Wapo wanaozirudia, nawajua.

Halafu wazazi acheni kusukia watoto mistari inayobana kwa miezi 2 bila kufumua. Baridi hii mtu anaogopa kumwosha mtoto kichwa, nywele zinafungwa Juni zinafunguliwa Agosti. Chochote kilichomo humo utakikuta kimeshajenga ghorofa.

Nywele Ndefu Forest

Swali kwa Tabibu. Mimi sitaki dawa kabisa kichwani kwa mwanangu, ana miaka 4 na ngozi yake inashtuka na kila kitu. Kitana peke yake kinatosha?

Tabibu wa Njombe

Kinaweza kutosha ukiwa na subira, na ni njia inayopendekezwa Uingereza kabla ya dawa. Ni hiyohiyo ya nywele mbichi na kondishena aliyoeleza mleta uzi, unaifanya siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Kila kikao unapitia kichwa kizima mara 2. Mpangilio huo unawafuata wanaoanguliwa kabla hawajakomaa. Ukiruka siku ya 9 kwa sababu kulikuwa na msiba au mechi, unaanza upya. Kwa nywele za kipilipili ndefu inachukua muda, andaa katuni.

Permethrin nayo haina shida kwa umri wake, katazo lake ni kwa watoto wachanga chini ya miezi 2. Kama aliwahi kupata mzio wa dawa fulani, mwambie mfamasia kabla.

Kinyozi Kabwe

Wakuu naona mnatupiga vijembe vya mashine. Mimi kila kichwa napitisha spiriti, wateja wangu wanajua.

Tabibu wa Njombe

Kinyozi, hujatukanwa. Ila spiriti ya kufuta juu juu haisaidii ikiwa kati ya meno kuna vipande vya nywele vya mteja aliyetangulia, maana fangasi iko ndani ya hivyo vipande. Piga brashi kwanza meno yawe tupu, ndipo uweke dawa, na uipe muda ifanye kazi kabla ya kumgusa mtu mwingine. Ukimwona mtoto ana duara, mwambie mzazi aende hospitali kabla ya kunyoa. Najua unapoteza mteja wa siku hiyo.

Kinyozi Kabwe

Mzazi mwenyewe ndiye anasema "wewe nyoa tu, nitampaka kitunguu saumu".

Mtoto wa Soweto

Mimi nilipakwa kitunguu saumu, na maji ya betri, na majivu. Mapunye yaliondoka yenyewe nilipofika kidato cha 1.

Tabibu wa Njombe

Mengi huondoka mtoto akibalehe, ni kweli, ndiyo maana kila dawa ya kienyeji inapewa sifa. Lakini kwa miaka yote hiyo anaambukiza wenzake, na wengine yanavimba na kutoa usaha, tezi za shingo zinatokeza, kisha pale nywele hazioti tena maisha. Na maji ya betri ni tindikali, tafadhali.

Baba Wawili (mleta uzi)

MREJESHO.

Mama watoto karudi kutoka Tunduma, kakagua kazi yangu kwa kitana chake mwenyewe bila kusema neno, halafu kasema nywele nimeziharibu ila chawa hamna. Dozi ya pili tumeshapaka. Binti kasukwa upya, mabutu mepesi, na kwenye gari anavaa kitambaa. Sijui kama kitambaa kinasaidia, ila kakipenda, na mama yake kasema kinakaa.

Grupuni niliandika ujumbe mmoja tu: binti yangu alikuwa na chawa, nimemtibu, aliyekaa naye kwenye gari amkague mtoto wake hivi na hivi. Nilitegemea kutukanwa. Ndani ya saa moja wazazi wengine wanne wakasema na wao wamekuta. Yule mama wa ujumbe wa sauti akafuta ujumbe wake. Mtoto aliyesingiziwa, mama yake alimpeleka akakaguliwa na muuguzi, hana chawa hata mmoja. Ana mba. Hakuna aliyemwomba radhi grupuni, mimi nimempigia simu pembeni.

Shule nayo imetoa karatasi kwa wazazi wote, haina jina la mtoto, inaeleza namna ya kukagua na mahali pa kwenda. Tumewaomba waongeze mapunye kwenye karatasi hiyo. Wamesema "italetwa kikaoni". Tunasubiri kikao.

Mdogo wake tulimpeleka hospitali. Daktari akasema krimu peke yake haifiki, fangasi imeingia mpaka kwenye shina la unywele, akampa vidonge vya griseofulvin kulingana na uzito wake, na shampuu ya fangasi ya kupunguza kuambukiza wengine. Vidonge ni wiki nyingi, 6 mpaka 8, na havikatizwi hata kama duara limeanza kuota nywele. Baba mmoja grupuni ameshamwachisha mwanawe wiki ya pili kwa sababu "amepona". Nimemwambia, hasikii.

Mama Gangilonga

Hongera baba. Nimemkagua wangu jana kwa njia yako ya karatasi nyeupe, hana kitu, nimelala vizuri. Hivyo vidonge anameza kabla au baada ya kula? Wa dada yangu kapewa hivyohivyo wala hakuambiwa.

Baba Wawili (mleta uzi)

Pamoja na chakula chenye mafuta, ndivyo vinavyoingia vizuri mwilini. Sisi tunampa na maziwa fresh au uji wa karanga. Akimeza na chai ya rangi tumbo tupu, sehemu kubwa inapotea bure.

Nywele Ndefu Forest

Na kitana umenunua wapi? Nimezunguka mjini naletewa vya plastiki tu, meno yanapinda.

Baba Wawili (mleta uzi)

Mwanjelwa, kwa wanaouza vifaa vya saluni. Omba cha chuma, meno marefu yaliyobanana. Kabla hujalipa pitisha uzi wa kushonea katikati ya meno, ukipita umelegea rudisha.

Dada Mashine Mwanjelwa

Vimebaki vichache, njooni mapema.